Ngozi Haijengwi kwa Siku 3

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua kipodozi chenye viambato vinavyofanya kazi kweli. Nitaanzia hapa hapa Mwanza, kwa sababu jambo hili lina historia katika kanda yetu, historia ambayo wengi wetu hatukusimuliwa.

Katika miaka ya 1990 daktari wa Kijapani, Masazumi Harada, alifanya utafiti na wenzake katika eneo hili la Ziwa Victoria, wakipima zebaki. Harada alikuwa ametumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kwa wagonjwa wa Minamata, ule mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, ikaingia kwenye samaki, na watu waliokula samaki wale wakapooza, wakapoteza uwezo wa kuona, wakazaa watoto waliodhurika tangu tumboni. Kwetu hofu ilikuwa dhahabu. Wachimbaji wadogo hunasa dhahabu kwa zebaki, na watu walijiuliza kama sumu hiyo imeshaingia ziwani. Wakapimwa nywele wachimbaji, wavuvi na wakazi wa mjini. Baadhi ya waliokutwa na zebaki nyingi hawakuwa wachimbaji, na chanzo hakikuwa samaki. Ilikuwa sabuni ya kuogea, sabuni ya kung'arisha ngozi. Mwaka 2001 Harada na wenzake wakachapisha utafiti mwingine, safari hii wa Kenya upande wa Kisumu, wakaikuta sabuni ile ile kazini.

Na hata wakati huo haikuwa habari mpya. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la kitabibu la Uingereza kuhusu wagonjwa wao wa figo, watu wazima waliovimba mwili kwa sababu figo zilikuwa zinavujisha protini kwenye mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Baadhi walipoacha kupaka, figo zilirudi kufanya kazi yake.

Nimeanza na zebaki kwa sababu moja. Zebaki inafanya kazi. Mwenye duka akimwambia mteja kwamba krimu hii inang'arisha, hadanganyi. Ngozi hutengeneza rangi yake kwa msaada wa kimeng'enya kinachohitaji shaba, na zebaki hukivuruga kimeng'enya hicho hadi rangi isitengenezwe. Kwa hiyo swali ambalo wengi wetu tunaliuliza dukani, yaani je, hii inafanya kazi, halitoshi hata kidogo. Swali linalotufaa ni hili: inafanya kazi kwa kufanya nini, kwa kiasi gani, na kwa muda gani?

Tuanze na muda, maana ndiyo kipimo ambacho kila mmoja wetu anaweza kukitumia bila kusomea famasia. Seli za ngozi huzaliwa chini, zinapanda taratibu, zinakauka, zinafika juu na kubanduka. Safari hiyo kwa kijana huchukua kama wiki 4, na kwa mtu mzima huchukua zaidi. Tabaka la juu kabisa ni seli zilizokufa, zimelaliana kama magamba ya sato, na katikati yake mna mafuta yanayozuia maji ya mwilini yasitoke na uchafu wa nje usiingie. Kiambato kinachosaidia ngozi kutengeneza seli bora au kugawa rangi yake sawasawa lazima kisubiri safari hiyo iishe, mara nyingi zaidi ya mara moja. Ndiyo maana madoa meusi yanayotibiwa vizuri huanza kufifia baada ya wiki 8 hadi 12. Krimu inayobadilisha rangi ya uso mzima kwa siku 3 haijapata nafasi ya kujenga chochote. Kuna kitu imekizima au imekiunguza.

Mara nyingi iliyozimwa ni kinga. Krimu nyingi za haraka zina klobetasoli, homoni ya jamii ya steroidi yenye nguvu kubwa, ambayo madaktari huitoa kwa muda mfupi kwa magonjwa kama pumu ya ngozi na soriasisi. Siku za mwanzo uso hutulia: chunusi zinanywea, muwasho unakwisha, rangi inafunguka, na mtu anasifiwa ofisini. Miezi inavyopita ngozi inakuwa nyembamba, mishipa midogo inaonekana mashavuni, michirizi mipana inatokea mapajani na kwapani, chunusi zinarudi kwa wingi, na fangasi waliokuwa wamefichwa wanasambaa. Kidonda kinachelewa kupona. Mama anayekwenda kujifungua kwa upasuaji akiwa na ngozi iliyokonda namna hiyo anampa daktari kazi ngumu ya kushona, na yeye mwenyewe anabaki na mshono unaosumbua. Na akijaribu kuacha, uso unawaka moto, unavimba, unawasha, basi anarudi kwenye kopo lile lile kwa sababu ndilo pekee linalompoza. Naomba tuwaonee huruma watu hawa. Wengi hawakuambiwa kopo lina nini.

Haidrokwinoni ina habari yake. Mwishoni mwa miaka ya 1930 huko Marekani, wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi waliona mikono yao inatoka mabaka meupe. Uchunguzi ukaonyesha kwamba chanzo kilikuwa glavu za mpira walizovaa, zilizokuwa na kemikali ya ukoo huo. Kutoka hapo watu wakajifunza kwamba kemikali za aina hii zinazuia rangi. Haidrokwinoni yenyewe ikawa krimu, ikasambaa, na Afrika Kusini ikawa soko lake kubwa. Mwaka 1975 madaktari wa huko wakaeleza ugonjwa waliokuwa wakiuona kwa wanawake waliopaka kwa miaka: mashavu na paji la uso vikigeuka rangi ya bluu iliyochanganyika na weusi, na vipele vidogo vigumu juu yake. Rangi ile inakaa ndani ya ngozi, si juu, na hata leo ni vigumu sana kuitoa. Mgonjwa akiona weusi umezidi hudhani dawa ni kidogo, akaongeza. Afrika Kusini ilipiga marufuku haidrokwinoni kwenye vipodozi mwaka 1990, na Ulaya ikafuata miaka kumi hivi baadaye. Hospitalini bado ni dawa. Daktari anaweza kuitoa kwa kipimo cha asilimia 4 hivi, kwa miezi michache, kwa doa linalojulikana, huku akimwangalia mgonjwa. Kupakwa mwili mzima kwa miaka ni jambo jingine kabisa.

Sasa mkorogo. Ukienda kwenye maduka ya vipodozi utamkuta dada anachota krimu hii vijiko viwili, anaongeza mrija wa ile, anatia mafuta, anakoroga, anafunga kwenye kopo lisilo na lebo. Ana ujuzi wa mikono na ana wateja wanaomwamini. Lakini hata mkemia hawezi kukuambia kwa kuangalia tu mle ndani kuna steroidi kiasi gani, na kama krimu zile mbili zilikuwa na kiambato kile kile, umekipata mara mbili. Mimi mkorogo siupimi kwa uzuri wala ubaya wa rangi ya mtu. Naupinga kwa sababu kipimo hakipo, na bila kipimo hakuna anayeweza kusema ni dawa au ni sumu.

Basi tufanye nini? Kwanza tujue kazi tunayotaka ifanyike. Mtu anayesema nataka ngozi nzuri hajasema kitu ambacho kiambato kinaweza kukijibu. Aseme ngozi yangu inakauka na kupauka, au nina chunusi, au chunusi zimepona zimeacha madoa, au visigino vimepasuka. Kila moja ya hizo ina viambato vyake, na vingi ni vya bei nafuu kuliko tunavyodhani.

Kwa ukavu, mafuta ya mgando hayajapata mpinzani katika kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi. Robert Chesebrough aliyapatia hataza Marekani mwaka 1872, na kila nyumba hapa inayajua. Hayana harufu, hayaozi, hayapigani na ngozi. Udhaifu wake ni kwamba yanafunga tu, hayaleti maji, kwa hiyo yapakwe mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Glisirini ndiyo inayovuta maji na kuyashika. Losheni yenye glisirini mwanzoni mwa orodha yake, ya kampuni yoyote inayojulikana, inatosha kwa watu wengi. Kwa visigino vyenye magaga, tafuteni urea. Kwenye asilimia 5 hadi 10 inalainisha. Kuanzia asilimia 20 inamenya ngozi ngumu. Krimu ya urea imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na nasikitika kwamba haitangazwi kwenye mabango, maana ingewasaidia wakulima na wavuvi wengi kuliko nusu ya vinavyotangazwa.

Kwa chunusi, benzoili peroksaidi nayo imo katika orodha hiyo hiyo. Vijana wengi hununua yenye asilimia 10 wakidhani ndiyo kali na ndiyo bora. Utafiti wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba asilimia 2.5 inapunguza chunusi zenye usaha sawa na asilimia 10, na haiunguzi sana kama hiyo. Itumieni usiku, na mto uvalishwe foronya nyeupe kwa sababu inatoa rangi kwenye nguo. Asidi ya salisili kwa asilimia 2 inasaidia vinyweleo vilivyoziba. Dawa za jamii ya vitamini A, kama adapalini na tretinoini, zina ushahidi mkubwa kwa chunusi na kwa makunyanzi, lakini mjamzito au anayetafuta ujauzito azikwepe.

Kwa madoa yanayoachwa na chunusi, na kwa mabaka ya mashavuni ambayo akina mama huyapata wakati wa ujauzito, kiambato ninachokipendekeza mara nyingi ni niasinamaidi, ambayo ni vitamini B3. Haiui rangi. Inapunguza tu kasi ambayo rangi inahamishwa kutoka kwenye seli zinazoitengeneza kwenda kwenye seli nyingine. Mwaka 2011 madaktari wa Mexico walichapisha utafiti wa wagonjwa 27 wenye mabaka hayo: upande mmoja wa uso walipaka niasinamaidi ya asilimia 4, upande wa pili haidrokwinoni ya asilimia 4, kwa wiki 8. Haidrokwinoni ilitangulia kidogo. Lakini niasinamaidi ilifika karibu nayo, na ilileta muwasho na wekundu kwa watu wachache zaidi. Utafiti ni mdogo, nakubali. Hata hivyo unatuonyesha kitu: kuna njia ya polepole inayofika karibu kabisa na ile ya hatari. Asidi ya azelaiki ni nyingine, na mjamzito anaweza kuitumia kwa ushauri wa daktari. Vitamini C ni nzuri ikiwa hai, ila joto na mwanga vinaiharibu. Ikigeuka rangi ya kahawia, pesa yako imeshapotea. Kolajeni ya kupaka inalainisha juu tu, kwa kuwa molekuli yake ni kubwa mno kupenya.

Yote haya yanakwenda bure tusipojikinga na jua. Najua wengi wetu tumeambiwa mtu mweusi hahitaji. Melanini inatukinga dhidi ya kuungua na inatupunguzia sana hatari ya saratani, hilo ni kweli. Ila madoa ni habari nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho unaongeza weusi kwenye ngozi zenye rangi kama zetu, na weusi huo unadumu. Krimu za kawaida za kukinga jua hazizuii mwanga huo. Zinazouzuia ni zile zenye rangi ya udongo zilizotiwa oksidi za chuma. Kwenye lebo huandikwa Iron Oxides, au namba CI 77491, CI 77492 na CI 77499. Mwenye madoa atafute hizo. Kinga ya namba 30 huzuia kama asilimia 97 ya miale inayounguza, ikipakwa ya kutosha: kwa uso na shingo, mistari miwili ya krimu, kila mmoja wenye urefu wa kidole, na irudiwe kila baada ya saa 2 ukiwa juani.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino hili si suala la madoa, ni la uhai. Saratani ya ngozi inawaua vijana. Huko Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, krimu ya kukinga jua inatengenezwa na kugawiwa kwao, imeundwa kwa ajili ya ngozi yao na jua letu. Kati ya vipodozi vyote nitakavyovitaja leo, hicho ndicho ninachokiheshimu kuliko vyote.

Sasa tuchukue losheni moja, ya mfano, tuisome pamoja. Mbele ya kopo pana picha ya manjano iliyokatwa na ahadi ya mng'ao. Geuzeni kopo. Nyuma, kwa herufi ndogo, pameandikwa: Aqua, Glycerin, Paraffinum Liquidum, Cetearyl Alcohol, Glyceryl Stearate, Niacinamide, Phenoxyethanol, Curcuma Longa Root Extract, Parfum.

Kanuni inataka viambato viandikwe kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo. Vilivyo chini ya asilimia 1 vinaruhusiwa kuandikwa kwa mpangilio wowote. Aqua ni maji. Glycerin imefuata mara moja, jambo jema. Paraffinum Liquidum ni mafuta ya madini, ndugu wa mafuta ya mgando. Cetearyl Alcohol isiwatishe kwa jina; si kileo kinachokausha, ni nta inayolainisha. Phenoxyethanol ni kihifadhi, na hapo ndipo mtakapotegua kitendawili cha kopo zima. Kanuni za Ulaya hazikiruhusu kuzidi asilimia 1, na watengenezaji wengi wa kwingineko hufuata kiwango hicho. Kwa hiyo chochote kilichoandikwa baada yake hakizidi asilimia 1. Niasinamaidi iko mbele yake, kuna matumaini kwamba ipo ya kutosha. Manjano yaliyopigwa picha kubwa yapo nyuma yake, pengine tone tu. Hii ni losheni nzuri ya kulainisha, nitainunua bila wasiwasi, lakini sitalipia manjano. Parfum ni manukato. Mwenye ngozi inayowasha ayaepuke, kwa sababu ni moja ya vyanzo vikubwa vya mzio.

Kopo lisilo na orodha kabisa, liacheni dukani. Na kuna onyo moja dogo ambalo nataka kila mmoja aondoke nalo: ukisoma kwamba usiguse dhahabu, fedha au alumini baada ya kupaka, au uvue vito kwanza, ujue ni zebaki, maana zebaki hushikana na metali hizo. Majina yake mengine ni Calomel, Mercurous Chloride, Mercuric Iodide na Ammoniated Mercury. Mwaka 2003 Ulaya ilikataza kuuza nje sabuni za zebaki, maana kwa miaka zilikuwa zikitengenezwa huko ambako raia wao hawakuruhusiwa kuzitumia, zikaletwa kwetu. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka kikomo cha miligramu 1 kwa kilo, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuondoa hata nafasi hiyo ndogo. Hapa nchini usimamizi wa vipodozi ulihamia Shirika la Viwango mwaka 2019. Sheria ipo. Lakini krimu inapita mipakani ndani ya begi la mkononi, na mlinzi wa mwisho ni macho ya mnunuzi.

Mtaniuliza kuhusu vya jikoni. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa ngozi kavu. Madaktari wa Ufilipino waliyapima mwaka 2004 wakayakuta sawa na mafuta ya madini. Mwenye chunusi asiyapake usoni. Mafuta ya alizeti, yale ya Singida na Dodoma, yana asidi ya linoleiki ambayo ngozi huitumia kujenga kinga yake. Huko Dhaka, Bangladesh, watoto njiti waliopakwa mafuta ya mbegu za alizeti hospitalini walipata maambukizi ya damu na mengineyo kwa asilimia 41 pungufu, kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2005. Limau, hapana. Lina kemikali ambazo zikikutana na jua huunguza ngozi na kuacha doa jeusi la miezi, na hilo ndilo doa ambalo mtu alitaka kuliondoa.

Neno langu la mwisho ni kwa waliomo ndani ya mkorogo sasa hivi na wanataka kutoka. Kama kuna zebaki, acheni leo, na mpimwe figo. Kama mnanyonyesha, semeni hivyo hospitalini, kwa sababu zebaki humfikia mtoto kwa maziwa na kwa kulazwa kifuani, na taulo na mashuka yanayotumika pamoja yanaibeba pia. Kama ni steroidi na mmeipaka mwili mzima kwa muda mrefu, msikate ghafla bila daktari, kwa sababu mwili unaweza kuwa umezoea na kupunguza kutengeneza homoni yake wenyewe. Mkisikia kizunguzungu, udhaifu na kutapika, hiyo ni dharura. Wiki za kwanza uso utawaka na utakuwa mbaya kuliko ulivyokuwa. Pakeni mafuta ya mgando, jikingeni na jua, ogeni kwa sabuni isiyo kali, basi. Msiongeze kitu kingine kwa haraka. Na mnapokwenda kwa daktari, chukueni kopo lenyewe, hata kama lebo imebanduka na limebaki na krimu kidogo chini, mkampe mkononi.